Mti wa kumbukumbu ya mdogo wangu na mchango wa utafiti wa selimundu: uzoefu wangu

Mdogo wangu wa kike alifariki kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa kidato cha nne. Baada ya arobaini, familia tulikubaliana kulipia mti wa kumbukumbu kwa kikundi kimoja cha Kisarawe kinachopanda miti ya marehemu na kupeleka sehemu ya malipo kwenye utafiti wa ugonjwa huo. Tulitoa shilingi 60,000: 20,000 za mche na matunzo ya miaka miwili, 40,000 za utafiti.

Mgawanyo huo ndio ulionivuta, lakini kwenye risiti haukuwemo. Iliandikwa "mchango" basi. Nilipopiga simu walituma nyingine yenye mchanganuo, na baadaye barua ya taasisi iliyopokea fedha. Vyote hivyo vilitakiwa vije bila kuulizwa, maana mfiwa hana nguvu za kufuatilia karatasi.

Kwenye miti sina lawama. Walitupa orodha, mjohoro unaokua haraka ukiwemo. Tulichagua mkongo, mti wa asili wa misitu ya pwani. Mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu marehemu alipenda kuzitunga shanga. Tulipanda masika yalipoanza. Kijana anayetunza shamba alimwambia mama, "Shikamoo mama, poleni sana. Kupanda tunamaliza leo, ila kazi yenyewe ni kiangazi." Tulirudi Agosti tukakuta pamepaliliwa, mche umemwagiliwa, na pembeni wamelima njia ya kuzuia moto. Mche wa familia nyingine ulikuwa umeliwa na mchwa, na tayari walikuwa wamepanda mwingine. Wengi hupanda, wakapiga picha, wakaondoka. Hawa hawako hivyo.

Ndugu wengine waliuliza kwa nini hela isinunue dawa moja kwa moja. Ni swali la haki, na nililifikiria sana. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, ilitumika Marekani na Ulaya miaka mingi, huku kwetu Afrika ikihofiwa kwamba huenda ingewadhuru watoto wanaoishi kwenye malaria. Hofu hiyo ilijibiwa na utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, matokeo yakatoka 2019: watoto waliotumia dawa walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu, hata vifo. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Muhimbili watafiti wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa tangu 2004. Bila kazi ya namna hiyo daktari hajui ampe mtoto dozi gani wala amwangalie nini. Mama alipoelezwa hayo ndiye aliyesema mwakani tutoe tena, na safari hii hela yote iende kwenye utafiti.

Wanaotaka kupanda wajiandikishe kabla ya Machi, na wadai risiti yenye mchanganuo siku hiyohiyo ya kulipa. Kwa wazee, ombeni eneo la karibu na barabara, kwa sababu mvua zikishika njia ya ndani huwa tope tupu.