Kamera ya filamu: ipi ununue, ipi uiache

Kupiga picha kwa filamu bado kuna faida, ila si kwa kila mtu wala kwa kila kamera. Kama unapiga harusi kwa malipo na bwana harusi anataka picha WhatsApp kabla wageni hawajamaliza pilau, chukua dijitali, hakuna mjadala. Filamu inamfaa anayetaka kuujua mwanga yeye mwenyewe, anayeridhika na picha chache, na anayetaka kubaki na kitu mkononi hata simu ikiibiwa. Kitu hicho ni negativu, ule ukanda wa filamu unaobaki na picha zako.

Negativu ndiyo inayonifanya niendelee kuipenda kazi hii. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. N. V. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa kuanzia miaka ya 1940. Nyuso walizozipiga tunazitazama hadi leo, na darizi ya kanzu inaonekana. Picha za simu yako ya mwaka 2012 ziko wapi?

Hesabu kwanza, kamera baadaye

Ukiwa Ulaya au Marekani, filamu moja ya rangi yenye picha 36, tuseme Kodak Gold 200, ni kama dola 10. Kuisafisha (kuitia dawa ili picha itokee) na kuiskani ni dola 12 hadi 18. Kwa hiyo kila ukibonyeza, zimekwenda kama senti 70 za dola: karibu shilingi 90 za Kenya, au zaidi ya 1,500 za Tanzania. Afrika Mashariki gharama huwa juu zaidi, maana filamu inaagizwa nje na wanaosafisha rangi wamebaki wachache. Filamu moja kwa mwezi ni kama dola 300 kwa mwaka, na pesa hiyo inanunua kamera mbili nzuri za mtumba. Ndiyo maana nashauri kamera iwe ya bei ya wastani na pesa inayobaki iende kwenye filamu. Mwenye kamera ya dola 900 na filamu mbili kabatini hatajifunza chochote.

Kabla hujalipa hata senti, mtafute atakayekusafishia. Filamu za rangi za kawaida husafishwa kwa utaratibu wa C-41, unaotaka dawa yenye joto la nyuzi 38 bila kupanda wala kushuka. Nenda studio kongwe ya mjini kwako, uliza kama mashine bado inafanya kazi na, muhimu zaidi, kwa wiki wanapitisha filamu ngapi. Mashine inayolala siku nyingi dawa yake huchoka, na picha hutoka na rangi za ajabu hata kama wewe ulipiga vizuri. Ukikosa wa karibu, una njia mbili: kutuma filamu kwa posta au kujisafishia nyumbani nyeusi na nyeupe. Hilo la pili nitalirudia.

1. Pentax K1000

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na ningemwambia hivyo hata mdogo wangu wa tumbo moja. Ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwanza Japani, kisha Hong Kong, mwishoni China, na ziliuzwa zaidi ya milioni tatu. Wingi huo ni baraka kwako: vipuri vipo, lenzi zipo, na fundi wa zamani anaijua. Haina mambo mengi. Spidi za shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, zinaanzia sekunde moja hadi 1/1000, lenzi ya milimita 50 inakuja nayo mara nyingi, na ndani ya kitazamio kuna sindano moja tu: ikikaa katikati, mwanga unatosha.

Betri yake ni ile ndogo ya duara, LR44, inayouzwa hata kwa mafundi saa. Inaendesha kipima mwanga peke yake, kwa hiyo betri ikiisha ukiwa safarini kamera inaendelea kupiga. Ina kasoro moja: kipima mwanga hakina swichi ya kuzima. Lenzi ikipata mwanga, betri inaliwa. Kifuniko cha lenzi usikipoteze.

Bei ya haki ni dola 100 hadi 180 pamoja na lenzi. Za Japani na Hong Kong zina chuma zaidi ndani kuliko za China, ila usikatae ya China iliyo nzima kwa ajili ya ya Japani iliyochoka.

Mwenye nafasi zaidi atazame Nikon FM2, iliyotoka 1982. Nayo inapiga bila betri, tena inafika spidi ya 1/4000, jambo linalosaidia sana kwenye jua letu la saa saba mchana. Utalipa karibu mara mbili, na kamera yenyewe inastahili.

2. Canon EOS 300 au Nikon F80

Hizi hazisifiwi na mtu, na ndiyo sababu nazitaja mapema. Ni kamera za plastiki za mwaka 1999 na 2000, zinafokasi zenyewe, zinavuta filamu zenyewe, na kipima mwanga chake ni makini kuliko cha K1000. Bodi ya EOS 300, yaani kamera bila lenzi, unaipata kwa dola 30 au 40. Kama tayari una lenzi za EF za Canon yako ya dijitali, zitaingia hapo bila shida. Kwa mzazi anayetaka kupiga watoto wanaokimbia uani, hii ndiyo yake.

Umeme wake ukifa, imekufa. Hakuna fundi wa mtaani atakayeifufua, na betri za CR2 na CR123A zinazohitajika si za kila duka. Nunua akiba.

3. Olympus Trip 35

Ilianza 1967, ikaendelea hadi 1984, na haitumii betri kabisa. Duara la vioo vidogo linaloizunguka lenzi ni seleniamu, inageuza mwanga kuwa umeme wa kuendeshea kipimo. Umbali unauchagua kwa alama nne: mtu mmoja, watu wawili, kundi, mlima. Inaingia mfuko wa koti na haitishi watu, kwa hiyo barazani inapokelewa vizuri kuliko kamera kubwa.

Seleniamu huzeeka, basi ijaribu hivi: weka pete ya lenzi kwenye A, yaani otomatiki, ziba lenzi pamoja na duara lake kwa kiganja, bonyeza. Kijibendera chekundu kinapaswa kuchomoza ndani ya kitazamio na shata igome. Elekeza dirishani, bonyeza tena, ipige. Isipofanya hivyo, rudisha.

4. Canon AE-1

Ni kamera nzuri iliyopandishwa bei na umaarufu. Ilitoka 1976 kama K1000, lakini hii bila betri haipigi hata moja. Nyingi hutoa mlio wa kukwaruza ukibonyeza, ishara kwamba mafuta ya ndani yamekauka. Ukipewa na mjomba, ipokee kwa mikono miwili. Kwa dola 200 mimi singeinunua.

5. Nusu fremu: Pentax 17 na Kodak Ektar H35

Zote mbili zinagawa fremu mara mbili, kwa hiyo filamu ya 36 inakupa picha 72. Pentax 17 ilitoka Juni 2024 kwa dola 500, na faida yake kubwa ni kuwa mpya, yenye dhamana. Ektar H35 ni plastiki ya dola 50 hivi, tundu la lenzi yake ni dogo na limefungwa kwenye f/9.5, maana yake ndani ya nyumba bila flashi utapata giza. Uliza bei ya kuskani kabla, kwa kuwa wengine hutoza kwa idadi ya picha na ule unafuu wote unayeyuka.

6. Yashica-Mat 124G

Unainamisha kichwa na kuitazamia kifuani. Negativu yake ya sentimita sita kwa sita ni ya kupendeza mno. Lakini filamu yake ya 120, iliyo pana kuliko ya kawaida, inakupa picha 12 tu, na wa kuisafisha ni wachache zaidi. Iwe kamera yako ya pili.

Za kuacha

Contax T2 ya mwaka 1990 inauzwa karibu dola 1,000, na Olympus mju II ya 1997 mamia kadhaa. Zina lenzi safi sana, sikatai. Lakini umeme wake una zaidi ya robo karne, vipuri havipo, na siku ikigoma umebaki na pambo. Bei hiyo imetokana na watu mashuhuri kuonekana nazo.

Instax, kamera inayotoa picha ya karatasi papo hapo, nayo inaingizwa kwenye mazungumzo haya. Kwa sherehe ni furaha tupu. Ila haikuachii negativu, karatasi ikipotea imepotea.

Dukani, shika na ujaribu

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Fungua mgongo wa kamera, hakikisha hakuna filamu, halafu vuta na ubonyeze katika kila spidi ukiangalia shata. Kwenye sekunde moja utasikia mlio wa gia ukienda sawasawa hadi mwisho. Ukikwama katikati, mafuta yamegandamana. Kisha bonyeza kwa ukucha sponji nyeusi iliyo kwenye kingo za mlango. Ikiacha utomvu mweusi kidoleni, mwanga utaingia na picha zitaungua. Si sababu ya kuacha kamera, kwa kuwa kubadilisha sponji ni kazi rahisi, lakini ni sababu ya kushusha bei. Funua sehemu ya betri: ukiona unga wa kijani, shusha tena.

Lenzi ndiyo ya kuangaliwa kwa muda mrefu kuliko vyote, hasa kwa sisi wa pwani. Ifungue hadi tundu kubwa, washa tochi ya simu upande wa nyuma, tazama kwa mbele huku ukiigeuza polepole. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kuanzia pembeni kuelekea katikati ni fangasi, na hizo hula hata kioo. Dar, Mombasa, Unguja na Lamu unyevu hautupi likizo, kwa hiyo usiiweke kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi kabatini. Weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika.

Filamu gani, na nyuso zetu

Anza na Gold 200 au ColorPlus 200 za Kodak. Ukitaka nyeusi na nyeupe huku ukiitumia mashine ileile ya C-41, chukua Ilford XP2 Super. Ya kujisafishia nyumbani iwe Ilford HP5 Plus, ambayo inasamehe mengi.

Kuna jambo linalonigusa sana hapa. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na filamu zenyewe zilitengenezwa bila kuifikiria ngozi nyeusi. Filamu za leo ni bora mbali sana, lakini kipima mwanga bado kinakosea. Mpige mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa: kipimo kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na uso wake unazama gizani. Sogea hadi uso ujae kitazamioni, pima hapo, funga namba hizo, rudi nyuma, piga. Negativu ya rangi hustahimili mwanga kuzidi kuliko kupungua, kwa hiyo ukiwa na shaka, ongeza.

Betri ikiisha, kanuni ya jua kali ni tundu la lenzi la f/16 na spidi iliyo karibu na namba ya filamu (ASA, kipimo cha wepesi wake kupokea mwanga). Kwa ASA 200 weka 1/250.

Kusafisha nyumbani kwenye joto

HP5 na dawa ya ID-11 hupangiwa muda kwa maji ya nyuzi 20. Maji ya bomba ya Dar mara nyingi yanakaribia 30. Ukisafisha nayo hivyo, muda unakuwa mfupi mno na dawa hailambi filamu sawasawa. Chukua beseni, tia barafu, zamisha chupa zote humo, na usubiri kipimajoto kisome 24, kisha ufuate jedwali la Ilford la joto hilo. Maji ya kusuuzia nayo yawe karibu na joto hilohilo. Unachohitaji ni tanki lenye kifuniko, kipimajoto, na chumba kisichopenywa na mwanga cha kuingizia filamu kwenye tanki. Choo usiku kinatosha, ukiziba upenyo chini ya mlango.

Kama kamera au filamu zinaletwa na ndugu kutoka nje, mwambie mapema filamu asiziweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, maana mionzi ya ukaguzi huko ni mikali na inaziharibu. Azibebe mkononi kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na pale kwenye mashine mpya za skana za CT aombe kwa upole zikaguliwe kwa mkono.