Gede, Mida na Sabaki: njia ya ndege wa Pwani imepimwa

Ukitafuta ndege ambao huwaoni kwingine Kenya, kipande hiki cha barabara ya Pwani, kuanzia Gede hadi kaskazini mwa Malindi, ni vigumu kukipatia mshindani. Nacho ni kifupi: kutoka lango la Gede la msitu wa Arabuko-Sokoke hadi mdomo wa Mto Sabaki ni kama kilomita 25. Ufupi huo ndio unaowaponza watu, wakadhani siku moja yatosha. Tenga siku mbili, na ulale Gede au Watamu, maana saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye mali.

Siku ya kwanza ni ya msitu. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, kwa hiyo maliza malipo usiku uliotangulia, kabla hujafika langoni na simu isiyo na bando. Chukua mwongozaji wa hapo hapo. Hii si hisani kwa vijana wa Gede. Bila yeye bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, humpati. Ana urefu wa sentimita 16 hivi, na hukaa kwenye vichaka vizito vya miti ya Cynometra, upande wa udongo mwekundu. Mchana hulala wawili wawili, bega kwa bega, kwenye tawi la chini ndani ya kichaka. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Huyo wa kutu unaweza kumtazama mita nne mbele yako ukadhani ni jani kavu. Waongozaji wanavijua vichaka vyao na hupita kuvikagua.

Baada ya hapo nenda kwenye mirihi (miti ya Brachystegia), penye mchanga mweupe na miti iliyoachana. Hapa macho hufanya kazi juu na chini. Juu, chozi wa Amani hupita vileleni akiwa kwenye msafara wa ndege mchanganyiko: ukisikia kelele za msafara, simama palepale robo saa nzima, usiufukuzie. Chini, Anthus sokokensis, ndege mdogo wa ardhini, hutembea juu ya majani makavu. Ukimshtua huruka hadi tawini, hutulia kidogo, kisha hushuka tena karibu na alipokuwa. Kwera wa Clarke ndiye bahati nasibu. Huja kwa makundi, na kundi likihama, msitu mzima unakuwa mtupu. Viota vyake vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 2013 tu, kwenye mabwawa ya msimu ya Dakatcha, kaskazini mwa Sabaki, kwa hiyo usipange safari nzima kwa ajili yake wakati wa masika.

Kuhusu gari: saluni hufika langoni na kuishia hapo. Ndani, mchanga wa kwenye mirihi humeza magurudumu ukiwa mkavu, na udongo mwekundu huteleza kama sabuni baada ya mvua. Njoo na gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne (4x4), upepo wa matairi ushushwe hadi pauni 20 hivi, na pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi lami. Kinyesi kibichi cha ndovu njiani maana yake ni kugeuza. Na simu ya kuchezea sauti za ndege iache mfukoni: wanaochezewa kila siku huacha kuitika, na anayekuja baada yako hukuta kimya.

Kati ya Mei na Oktoba, pitia magofu ya Gede mapema, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Geokichla guttata, mgeni kutoka kusini mwenye kifua cha madoadoa meusi, huchakura majani chini ya kuta.

Siku ya pili hupangwa na bahari, si na saa yako. Mlango wa Mida, hori ya bahari yenye mikoko, uko kushoto ukitoka Gede kuelekea Mombasa, na daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko lina ada yake mbali na ya msitu. Mapato husaidia karo za wanafunzi wa vijiji vya hapo. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wako mbali mno na bila teleskopu ni vitone tu. Yakiwa yamejaa, wameshaondoka. Fika muda wa saa tatu hivi kabla ya maji kujaa, usimame mwisho wa daraja, na maji yatawasukuma vitwitwi hadi kwako. Bamvua, maji yanapojaa sana, husukuma vizuri kuliko maji mafu, yanapojaa kidogo. Unayemtaka ni Dromas ardeola, mweupe kwa mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana kwenye mashimo ya mchangani huko Oman na visiwa vya Ghuba, kwa hiyo wengi wako Mida kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Sabaki ndiyo sehemu dhaifu kwa huduma na tajiri kwa idadi: shakwe, buabua, heroe, na kuanzia Mei hadi Septemba Glareola ocularis kutoka Madagaska. Vuka daraja kaskazini mwa Malindi, pinda kulia, kisha tembea juu ya vilima vya mchanga. Tope la ukingoni hushika hadi magotini na viboko wamo, basi usikate njia ya mkato. Gari liache kijijini, na bei ya kulilinda ikubaliwe kabla hujafunga mlango.