Malindi mpaka Wundanyi na gari ya kukodi, uzoefu wangu

Nimerudi jana na ile safari bado iko kichwani. Tulikodi gari na dereva hapa Malindi siku mbili, mafuta juu yetu, nilitaka nimpeleke mamangu akaone milima ya Taita, kule Wundanyi, maana mlima yeye anauonaga kwa tivii tu. Gari ya kwanza waliyotuletea matairi yalikuwa kipara, nikakataa kupanda, tukakaa lisaa lizima mpaka wakaleta Probox ingine. Kagueni jamani msione haya, kule si kwenda Watamu.

Tukakatia Mavueni, Kaloleni, tukatokea Mariakani kwa barabara kuu ya Nairobi, malori hayo mpaka basi. Taru kukavu, vichaka na vumbi. Mackinnon Road tukasimama pale msikitini penye kaburi la Seyyid Baghali, yule walii wa enzi za kujenga reli, mama akasoma Fatiha tukashika njia. Voi unaingia barabara ya Taveta, lami safi, na ukifika Mwatate unakata kulia na hapo sasa ndio safari yenyewe.

Wallahi sijui nianzie wapi, ni kona juu ya kona, huku jiwe limesimama kama ukuta na huku bonde, chini kule mashamba yamekatwa ngazi ngazi na migomba, maji yanateremka kando ya njia, masikio yanaziba, na dereva yuko giya ya pili anapiga honi kila kona bila haraka. Ukungu ukatushukia mama akasema funga dirisha mwanangu. Dereva akamweleza, mama, huu ni upepo wa baharini kwenu, unapita nyika yote bila kunyesha, ukigonga hii milima unapanda juu unapoa unakuwa mawingu. Mama akanyamaza kidogo, akasema kumbe kusi yetu ndio inakuja kunyesha huku.

Wundanyi sokoni akanunua kabichi na karoti gunia zima. Vuria, kile kilele cha mita 2,208, hatukukiona, kilikuwa kimejifunika.

Kushuka ndio uangalie dereva wako. Wetu alishuka na giya ile ile aliyopandia, breki anagusa tu, na kuna lori tulilipita limesimama kando breki zinanuka moto. Tokeni baada ya alfajiri mpande mchana kweupe, na sweta msiache, mimi niliacha nikajifunga leso ya mama.