MTT au SRB kwa kwasetini iliyobadilishwa?

MTT na SRB ni vipimo vya rangi vya kuona kama dawa imeua seli; kwasetini ni polifenoli, yaani kemikali ya mimea. Kwa seli za melanoma (saratani ya ngozi), MTT, ambayo seli hai huigeuza zambarau, ni rahisi: seli 5,000 kila kisima cha sahani ya maabara, saa 3 hadi 4 za rangi, soma mwanga wa nanomita 570. Ila kwasetini huigeuza MTT zambarau hata pasipo seli. Dawa inayoua ikaonekana haiui. Ukifunga haidroksili zake (vikundi vya OH), kosa huweza kupungua, na kemikali mpya ikasifiwa bure! Weka visima visivyo na seli vya kulinganishia.

SRB hupaka rangi protini za seli, haina mtego huo, lakini kuosha kwa asidi ya asetiki 1% kunachosha. Sahani iliyokauka hungoja. Stima ya Nairobi ikipotea, hakiharibiki kitu.

Unachuja sampuli nyingi zisizobadili MTT? MTT yatosha. Unalinganisha polifenoli na toleo lake jipya? Chukua SRB.