Filta ya UV au kofia ya lenzi?

Zama za filamu, filta ya UV, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi ili kuzuia mionzi ya urujuanimno, ilikuwa na kazi mbili: kupunguza utando wa samawati kwenye picha za mbali na kulinda kioo cha lenzi. Kamera za dijitali zina kichujio cha mionzi hiyo mbele ya sensa, sehemu inayopokea picha, kwa hiyo leo unainunua kwa ajili ya ulinzi tu.

Ufukweni sina mjadala, naifunga. Kusi ikivuma Paje, Zanzibar, chumvi na mchanga mwembamba hutanda kwenye kioo ndani ya dakika chache. Ukifuta kwa pindo la shati, umeshakwangua. Heri ukwangue filta ya milimita 77 kuliko lenzi yenyewe. Tena baadhi ya lenzi za Canon za kundi la L, zile za hadhi ya juu, huhitaji filta mbele ndipo zizuie vumbi na maji sawasawa.

Usiku mambo hugeuka. Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande. Nilipiga picha Forodhani, Mji Mkongwe, kila taa ya wauza urojo ikazaa pacha wa kijani angani. Nilipofungua filta, pacha wote wakatoweka.

Kofia, ule mdomo wa plastiki unaozunguka mbele ya lenzi, haiongezi kioo chochote. Inakinga mwanga wa pembeni, na ukigonga ukuta, plastiki ndiyo inayopokea kishindo. Filta ikivunjika, vipande vyake vyaweza kuchuna lenzi uliyotaka kuilinda. Ila kofia haizuii chumvi kutanda kwenye kioo.

Kofia yangu haitoki. Filta hukaa mfukoni hadi nione mchanga unaruka.