Poda ipi ununue ya kung'arishia kioo cha darubini?

Siku ya tatu ya kung'arisha kioo changu cha kwanza nilisikia kitu kikikwaruza chini ya kiganja. Nilipokinyanyua nikaona mstari mwembamba umekatiza kutoka katikati hadi karibu na ukingo. Poda ilikuwa ya bei rahisi, imefungwa kwenye mfuko usio na maandishi. Ilinibidi nirudi kusaga upya kwa chembe za mikroni 12 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Tangu hapo nikinunua poda naulizia kwanza usafi, kisha ukubwa wa chembe. Bei huja baadaye.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha umemaliza kusaga. Poda ya kung'arisha haifukii vishimo vilivyoachwa na kusaga. Kama hujafika mikroni 5 au karibu na hapo, utasugua juu ya lami (tabaka la kifaa cha kung'arishia, linalobeba poda) mpaka mabega yaume, na vishimo bado utaviona kwa lenzi ya mkononi.

1. Oksidi ya seriamu. Kwa kioo cha kwanza nunua hii, wala usisumbuke kutafuta nyingine. Haifanyi kazi kwa kukwangua peke yake: penye maji humenyuka na silika ya juu ya kioo, ndiyo maana huenda haraka. Kioo cha milimita 150 kilichosagwa vizuri huwa tayari kwa saa chache za kusugua. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya lenzi na vioo vya macho, yenye chembe za mikroni 1 hadi 3. Gramu 100 hadi 200 zinatosha, kwani unachanganya na maji mpaka iwe kama maziwa mepesi.

Rangi isikubabaishe. Nyeupe au ya manjano hafifu ndiyo safi zaidi kikemia, lakini ile ya waridi au kahawia, iliyochanganyika na madini mengine ya jamii yake, hung'arisha vizuri tu. Wauzaji hupenda kupandisha bei kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Mimi ningelipia chembe zinazolingana.

2. Oksidi ya chuma. Hii ni kutu iliyosafishwa na kusagwa laini. Huacha uso mwororo sana, ila ni ya polepole, na wekundu wake utaukuta kwenye kucha, shati na kitasa cha mlango. Nafasi ya pili inaistahili kwa sababu ya hatua ya mwisho, ya kugeuza uso wa kioo kutoka umbo la tufe kuwa parabola, mbonyeo unaokusanya mwanga wa nyota mahali pamoja. Kwenye kioo cha milimita 150 chenye fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) ya milimita 1,200, tofauti ya maumbo hayo mawili ukingoni haifiki theluthi ya mikroni. Hapo mwendo wa kobe ni faida: unasugua dakika chache, unapima, unarudi. Ukishazoea seriamu, hata hivyo, unaweza kuikamilisha kazi yote bila kuigusa hii.

3. Oksidi ya zirkoni. Inafaa, hasa ukiipata kirahisi kuliko seriamu.

4. Oksidi ya alumini na ya bati. Ya alumini ni nzuri kwa kusaga laini. Kung'arisha kioo kwayo ni kujichosha. Ya bati ina historia yake: Isaac Newton aliitumia juu ya lami kung'arisha vioo vyake vya aloi ya shaba na bati. Wewe una kioo cha kawaida, kwa hiyo mwachie.

Usinunue kabisa vipande vigumu vya sonara, maana vimechanganywa na nta, wala poda ya kuondolea mikwaruzo ya kioo cha gari isiyotaja ukubwa wa chembe. Dawa ya meno, ambayo kila mara kuna mtu wa kuipendekeza, iache bafuni.

Poda ikifika, ijaribu kabla haijagusa lami. Weka kijiko kimoja cha majimaji yake kati ya vipande viwili vya kioo cha dirisha, sugua polepole, usikilize. Ikilia, koroga poda kwenye mtungi wa maji, iache dakika chache chembe nzito zizame, umimine maji ya juu kwenye chombo safi. Masalia ya chini tupa. Rudia jaribio kwa hayo uliyomimina. Ikilia tena, irudishe dukani.