Blenda ndogo za smuthi: uliza ringi kabla hujauliza bei

Kama ndani ya nyumba mko wawili watatu tu na unachotaka ni smuthi yako asubuhi kabla hujapanda daladala, basi ile blenda kubwa ya jagi iache kabatini isubiri Ramadhani. Jagi la lita moja na nusu ukilitilia embe moja na maziwa kidogo visu vinazunguka chini vinarusha tu vipande ukutani, unazima unasukuma kwa kijiko unawasha tena unazima, na ukimaliza una jagi, kifuniko, kisu na gilasi vyote vinakusubiri kuoshwa. Blenda ya kikombe ni kitu chengine kabisa. Unatia matunda ndani ya kikombe, unakifunga na kisu chake, unakipindua juu ya mota, unakandamiza na kuzungusha, nusu dakika hivi unakivua na unakunywa humo humo. Mie natumia NutriBullet ile ya wati 600 na nshazitumia nyengine za ndugu na majirani, ndio maana nimekaa kuandika, maana madukani Darajani na Mlandege hapa Unguja sasa hivi zimejaa za kila namna na kwa macho zote zinafanana.

Kwanza tuanze na wati kwa sababu hapo ndipo watu wanapochukuliwa. Unaingia dukani kijana anakwambia "dada chukua hii, hii wati 4500 inasaga hata mawe", na kweli boksi limeandikwa 4500 kwa herufi kubwa nyekundu. Sasa hebu tupige hesabu. Umeme wetu ni volti 230, plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, zidisha utapata wati 2990. Plagi hiyo haiwezi kupitisha 4500 bila ya fyuzi kukatika, na ukitazama waya wenyewe ni mwembamba kama wa chaja ya simu. Kwa hiyo boksi usilisome kabisa, pindua mashine usome ile lebo ya chini, hapo mara nyingi ndipo ukweli unapoandikwa, utakuta 300 au 350. Na si kwamba 350 ni mbaya, kwa ndizi mbivu na parachichi inatosha, ila ujue unanunua nini na bei iwe ya hicho hicho. Kwa mtu anayetia barafu na matunda ya friza mie nasema ushuke mwisho wati 600, chini ya hapo mota inalia, inanuka, na kipande cha embe kinabaki kizima katikati. Na kwa anayeogopa tukuza, yaani ule umeme wetu wa kununua uniti kabla, wati 600 kwa dakika nzima ni sehemu moja ya mia ya uniti, yaani uniti moja inakupa vikombe mia, umeme si hoja hapa.

Pamoja na wati soma volti. Zinazotoka Dubai, Maskati na Uingereza hazina shida, umeme wao na wetu ni mmoja na hata plagi ndio hii hii. Tatizo ni zile za ndugu zetu walioko Marekani, mtu kakuletea zawadi kwenye begi kwa mapenzi yake, kumbe imeandikwa 120V 60Hz. Usiichomeke hata kwa kujaribu. Kiadapta kile cha kubadilisha miguu ya plagi hakipunguzi volti, kinageuza umbo tu, umeme unaingia karibu mara mbili ya ule mota iliotengenezewa na sekunde chache tu moshi. Lazima transfoma ya kushusha volti, nayo iwe ya wati nyingi kuliko blenda yenyewe, ni zito, lina bei, linakaa nafasi jikoni. Kwa kweli bora umwambie ndugu yako mapema asilete, alete chengine.

Sasa nije kwenye ringi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hakuna anayeiuliza na ndiyo inayoua blenda hizi kuliko kitu chengine. Ndani ya kile kisu cha kufungia kikombe kuna mpira wa duara, ndio ringi, kazi yake kuzuia maji yasipite. Kikombe kinapinduliwa, kwa hiyo uzito wote wa maziwa na matunda umekaa juu ya mpira huo na mota iko chini yake. Ringi ikilegea, ikivimba au ikikaa upande, juisi inateremka kwenye mota. Na juisi yetu ina sukari, ikikauka inaganda kwenye vile vibonyezo vya pembeni ya mota vinavyoiwasha, utakuta blenda haiwaki, au mbaya zaidi inawaka na haizimi mpaka uchomoe plagi. Mtu anasema mota imekufa anaitupa, kumbe ni ringi ya mpira tu ilivuja mwezi mzima bila kutazamwa. Kila ukiosha ichungulie, irudishe ikae sawa kwenye mfereji wake, na kama kuna weusi ndani ya mfereji itoe uisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni.

Kwa hiyo dukani kabla ya bei muulize muuzaji, "ringi zake zipo? na kisu je, na kikombe?" Akikwambia zipo muombe akuoneshe, na muombe akufungie hapo hapo uone kama inakamata. Hili ndilo lililonifanya mie nichague NutriBullet ya 600, si kwa sababu ya jina. Visu na vikombe vya 600 vinaingiliana na vya 900 yao, zimeuzwa nyingi duniani na vipuri vyake vinatengenezwa na watu wengi hata nje ya kampuni, ringi unaweza kuipata bila kuagiza mbali. Lakini angalia usichanganye, Magic Bullet ni ya nyumba hiyo hiyo ila ni ndogo, wati 250, na visu vyake haviingii kwenye NutriBullet. Ninja nazo nzuri, ile Fit ni wati 700 na inasaga barafu vizuri sana, ila vikombe vyake ni vya kwake tu, kwa hiyo ukinunua hakikisha unamjua mtu wa kukuletea vipuri. Halafu kuna za kuiga zilizoandikwa Nutri hivi Nutri vile. Wengine wanazisifu sawa, lakini kisu kikifa hakuna anayekijua kinatoka wapi na kikombe cha duka la jirani hakiingii hata kwa kulazimisha.

Kikombe chenyewe kina vijino vitatu pembeni, hivyo ndivyo vinavyobonyeza swichi unapozungusha. Kimoja kikivunjika blenda haiwaki na fundi atafungua mota bure kutafuta ugonjwa. Vitazame dukani kabla hujalipa, khasa kama ni ya used.

Zile za chaji. Najua zinapendwa, ni nzuri kwa macho, rangi za waridi na samawati, unaitia kwenye mkoba unakwenda nayo skuli au ofisini. Nasema kwa moyo safi sizishauri kwa smuthi ya kweli. Nyingi zina betri ya 2000mAh kwa volti 3.7, hiyo ni kama wati-saa 7 na kitu, wakati blenda ya wati 600 ikifanya kazi dakika moja inakula wati-saa 10. Yaani betri nzima iliyojaa haifiki hata dakika moja ya mashine ya waya, na hiyo dakika wameigawa kwa vikombe vyako vya siku nzima, nguvu itatoka wapi? Ndizi laini na maziwa sawa, unga wa maziwa wa mtoto sawa, barafu hapana. Na usalama pia utazame, mwisho wa 2023 kule Marekani ziliitwa kurudishwa BlendJet 2 karibu milioni 4.8 kwa sababu zilikuwa zinaweza kupata moto na visu kuvunjika ndani ya kinywaji, na hiyo ni yenye jina kubwa, sembuse isiyo na jina kabisa.

Kuna anayesema za chaji ni nzuri kwa sababu umeme wetu unakatika. Hoja hiyo naielewa, sie Unguja tulikaa gizani miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 na mtu hawezi kusahau. Lakini umeme ukikatika na friza nayo imekatika, matunda yameyeyuka, na tunda lililo laini kiasi cha kusagika kwa betri ndogo linapondeka hata kwa uma. Waya ni bora.

Haya matunda. Embe boribo, papai, parachichi, ndizi kisukari, tikiti, hayo blenda ya kikombe inayamaliza vizuri sana, laini bila chembe. Embe zenye nyuzi nazo inazikata kuliko jagi kwa sababu kikombe ni chembamba na kila kitu kinarudi kwenye kisu. Msimu wa embe ukifika mie nazimenya, nakata vipande vidogo, natandaza kwenye sinia friza, zikishaganda natia kwenye mfuko humo humo friza, asubuhi nachota. Vipande viwe vidogo kweli, usitie donge zima la embe lililogandana ukategemea kisu kifanye muujiza. Tende roweka usiku, toa kokwa, halafu na maziwa na hiliki kidogo, hiyo wallahi ni kifungua kinywa kamili.

Ila bungo usilitie humu na kokwa zake. Blenda hizi nyingi zina mwendo mmoja tu, kasi ya juu, kokwa zinavunjika na juisi inakuwa chungu. Pesheni vivyo hivyo, mbegu zinasagika unapata vidoti vyeusi na mchanga kwenye meno. Hayo yapitishe kwanza kwenye chujio kwa mkono, utamu ukishatoka ndio uuchanganye na ndizi au embe ndani ya kikombe. Stafeli toa mbegu zote moja moja, hazifai kuliwa kabisa, tena usiache hata moja kwa haraka. Mwenye mapenzi na juisi ya bungo ya familia nzima jagi ndilo lake, unawasha unazima unawasha unazima taratibu.

Mpangilio nao muhimu na wengi wanafanya kinyume. Kwenye jagi tumezoea maji kwanza kwa sababu kisu kiko chini. Hapa kikombe kitapinduliwa, cha mwisho kutia ndicho kitakachokaa juu ya kisu. Kwa hiyo barafu na vipande vya friza vitangulie, vilaini vifuate, maziwa au dafu mwisho, na usipite ule mstari wa MAX. Ikigoma, ukisikia mota inakimbia lakini matunda yamesimama, hapo kisu kinazunguka kwenye hewa, vua ukitikise, ongeza kidogo maji, rudisha. Usiendelee kuiacha ikiunguruma, dakika moja ndio mwisho wake halafu ipumzike.

Na tafadhali sana kitu cha moto hapana. Uji, supu ya mtoto, maziwa yaliyotoka jikoni, hapana. Kikombe kimefungwa hakina pa kutolea mvuke, ukisaga mvuke unazidi, ukikifungua kinakurukia usoni. Kampuni wenyewe wameandika hivyo kwenye kitabu chao. Subiri kipoe kabisa, na watoto wakubwa wanaojitengenezea wenyewe waambiwe hili kabla ya kitu chengine chochote.

Kitunguu thomu na tangawizi ya mchuzi visiingie kwenye kikombe cha smuthi, ringi inashika harufu na haiachi, utakunywa embe lenye thomu wiki nzima. Kama huna budi nunua kisu na kikombe cha pili kiwe cha mapishi.

Kelele zipo, sitakuficha. Kwa wanaokaa majumba ya Michenzani au nyumba za Mji Mkongwe zilizobanana, baada tu ya alfajiri jirani atakusikia. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mota kinapunguza mtetemo kidogo, ila usizibe vile vitundu vya chini vya kupumulia. Na hewa yetu ya bahari inaleta kutu, kisu usikiache kimelowekwa kwenye beseni mpaka jioni, kioshe pale pale, kikung'ute, kianike kimelala upande mpaka kikauke. Ukikizungusha kwa kidole kikakwaruza au kikatoa maji meusi, kimekwisha, kampuni wenyewe wanashauri kubadilisha kisu kila miezi 6 hivi, mie nakitazama zaidi kuliko kuhesabu miezi.

Kwa ndugu zangu wa Pemba, Chake na Wete blenda zipo lakini vipuri ndio vichache, kwa hiyo ukiagiza kutoka Unguja ije kwa boti mwambie anayekununulia atie na ringi mbili na kisu kimoja cha akiba kwenye mzigo huo huo. Ringi ni kitu cha hela ndogo, kuisubiri boti nyengine kwa ajili yake na blenda imekaa bure mezani inauma. Na amwambie muuzaji aiwashe mbele yake kwa maji na barafu, si tupu, tupu kila blenda inaunguruma vizuri.